NYUZINANO: JINSI ZINAVYOTENGENEZWA, MATUMIZI YAKE NA ISTILAHI ZAKE

Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi haimaliziki kwa kutafuta neno moja la Kiswahili na kuliweka sambamba na neno moja la kigeni. Istilahi ni jina la dhana, na dhana ya kisayansi haijulikani vema mpaka kwanza ijulikane inavyofanya kazi. Ndiyo maana katika makala hii hatuanzi na orodha ya maneno. Tunaanza na kitu chenyewe: nyuzi nyembamba mno, ambazo upana wake hupimwa kwa nanomita, na ambazo siku hizi hutajwa katika maelezo ya barakoa na vichujio, katika zabuni za vifaa vya hospitali, katika vitabu vya kemia, na katika karatasi za tahadhari zinazofuatana na mizigo ya viwandani.

Katika tafsiri za Kiswahili mtu aweza kuzikuta nyuzi hizo zikiitwa "nanofaiba", pengine "nyuzi za nano", pengine "nyuzinyuzi ndogo sana", na mara nyingine "nano" tu, bila neno la pili. Wingi huu wa majina si jambo la kupuuzwa. Mwalimu aweza kusubiri miaka kadhaa mpaka neno lizoeleke, lakini karani wa ghala anayesoma karatasi ya tahadhari hana nafasi hiyo. Kama tutakavyoonyesha, zipo nyuzi za jamii hii zinazofungwa juu ya kidonda bila wasiwasi, na zipo nyingine ambazo vumbi lake halifai kuingia katika mapafu ya mtu. Jina likiwa moja kwa zote, tahadhari humfikia asiyeihitaji na kumkosa anayeihitaji.

1. Maana ya "nano"

Kiambishi "nano" kimetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kibeti. Mwaka 1960, mfumo wa kimataifa wa vipimo ulipothibitishwa, kiambishi hiki kilipewa maana moja: sehemu moja kwa 1,000,000,000. Kwa hiyo nanomita moja ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara milioni elfu, au sehemu moja ya mikromita iliyogawanywa mara 1,000.

Tarakimu hizi ni vigumu kuzifikiria bila mfano. Unywele wa mtu una upana wa nanomita 50,000 hadi 100,000 hivi. Uzi mmoja wa katani wenye upana wa mikromita 200 ni sawa na nanomita 200,000. Basi nyuzi za nanomita 100 zikilazwa sambamba, zitahitajika 2,000 kuufikia upana wa uzi mmoja wa katani.

Katika viwango vya kimataifa, kipimo cha nano huanza kwenye nanomita 1 na kuishia kwenye 100 hivi. Uzi wa jamii hii hufasiliwa kuwa kitu ambacho vipimo vyake viwili, yaani upana na unene, vimo katika mpaka huo, ilhali kipimo cha tatu, yaani urefu, ni kikubwa zaidi sana. Lakini katika biashara na viwanda mpaka huo haufuatwi sawasawa. Uzi wowote ambao upana wake haujafika nanomita 1,000 huuzwa kwa jina hilo hilo. Mtumishi anayeandika masharti ya zabuni hana budi kuijua tofauti hii, maana neno peke yake halimhakikishii kipimo. Inafaa kila mara aandike tarakimu: "nyuzi zisizozidi nanomita 300", kwa mfano.

Ubora wa nyuzi hizi unatokana na wembamba wenyewe, na hesabu rahisi yatosha kuonyesha hivyo. Tuchukue gramu moja ya plastiki yenye uzito wa gramu moja kwa kila sentimita ya ujazo. Tukiivuta yote iwe uzi mmoja wa nanomita 100, urefu wake utapita kilomita 127,000, yaani zaidi ya mara tatu ya kuizunguka dunia. Uso wa uzi huo, kama ungeweza kutandazwa, ungekuwa mita za mraba 40. Gramu hiyo hiyo ikivutwa kuwa uzi wa mikromita 10, uso wake hautafika hata nusu ya mita ya mraba. Kitu ni kile kile na uzito ni ule ule, lakini mahali pa kunasia vumbi, pa kubebea dawa au pa kushikia seli pameongezeka mara 100.

2. Uzi na kusokota

Kabla ya kuzieleza njia za kutengeneza, yafaa tusimame kidogo juu ya maneno mawili ya zamani.

Kwa fundi wa nguo, uzi ni kitu kilichokwisha kusokotwa. Pamba huchambuliwa, husokotwa, ndipo ikaitwa uzi. Kwa sababu hiyo wako wanaosema kwamba vitu hivi visiitwe nyuzi, bali viitwe "fumwele", ambalo kwa umoja ni "ufumwele". Hoja hii ina nguvu yake. Hata hivyo, lugha ya watu wetu haikuliweka neno "nyuzi" katika mpaka mwembamba kiasi hicho. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na wafanyakazi wa mashamba yake husema "nyuzi za katani" wakati bado zimeanikwa juani na hazijasokotwa kuwa kamba. Kadhalika, mtu wa pwani husema nyuzi za makumbi kabla usumba haujawa kamba. Neno "nyuzi", basi, laweza kubeba kitu kilichosokotwa na kisichosokotwa pia.

Kinachotofautisha hali hizi mbili ni kitenzi "kusokota", na hapa ndipo mfasiri anapoweza kupotea. Njia iliyo mashuhuri kupita zote ya kutengeneza nyuzi hizi inaitwa kwa Kiingereza kwa jina linalotokana na kitenzi chenye maana ya kusokota. Mfasiri akikifuata kitenzi hicho atasema "usokotaji kwa umeme". Kumbe katika njia hiyo hakuna kinachosokotwa. Uzi huvutwa tu kutoka katika tone la majimaji, kama vile buibui atoavyo uzi wake bila kuusokota. Mwanafunzi atakayeambiwa "usokotaji" atatafuta pia na gurudumu, wala hataviona.

Tena, zipo kazi ambamo nyuzi za namna hii, zikiisha kutengenezwa, husokotwa kweli kweli pamoja ili ziwe uzi mnene zaidi wa kufumia. Kama neno "kusokota" tumekwisha kulitumia mahali pasipokuwa pake, tutakosa neno hapo ambapo panalihitaji.

3. Njia za kutengeneza

Njia zilizopo ni nyingi, lakini zaweza kugawanywa katika makundi matatu: zile za kuvuta au kupuliza uzi kutoka katika polima iliyo majimaji, zile za kuacha molekuli zijipange au zijitenge zenyewe, na ile ya kuchambua nyuzi ambazo zimekwisha kuwako katika mimea.

(a) Uvutaji kwa umeme

Kwanza polima humumunywa katika kimumunyishi kinachofaa. Mmumunyo huo hutiwa katika bomba la sindano na kusukumwa polepole mpaka tone litokeze kwenye ncha. Sindano huunganishwa na umeme wenye volti 10,000 hadi 30,000, na mbele yake, kwa umbali wa sentimita 10 hadi 20, huwekwa bamba la chuma la kupokea nyuzi.

Tone likiisha kujaa chaji, nguvu mbili hushindana. Mvutano wa uso wa majimaji hutaka tone libaki duara, na nguvu ya umeme hulivuta kuelekea kwenye bamba. Umeme ukizidi, tone hurefuka likawa na umbo la pia lenye ncha. Mwaka 1964 Geoffrey Ingram Taylor, mwanasayansi wa Uingereza, alionyesha kwa hesabu kwamba nusu ya pembe ya umbo hilo ni digrii 49.3, na tangu hapo umbo hilo limeitwa kwa jina lake. Kutoka katika ncha hiyo huchomoka mchirizi mwembamba sana. Mwanzoni huenda moja kwa moja, kisha huanza kuyumba na kujizungusha kama mjeledi, na kila unapojipinda hunyooka na kuwa mwembamba zaidi. Njiani kimumunyishi huwa mvuke na kutoweka hewani. Kinachofika kwenye bamba ni uzi mkavu, ambao hujilaza ovyo juu ya wenzake ukafanya utando.

Mambo madogo huharibu kazi hii. Mmumunyo ukiwa na mnato hafifu, mchirizi hukatika ukawa matone, au nyuzi hutoka na mafundo kama shanga. Unyevu wa hewa nao huubadilisha uso wa nyuzi. Aidha sindano moja hutoa gramu moja, au pungufu, kwa saa. Ndiyo maana njia hii ilikaa muda mrefu katika maabara kabla ya kuingia viwandani.

Historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. John Francis Cooley na William James Morton walipata hataza za Marekani juu ya njia hii mwaka 1902, naye Anton Formhals akapata ya kwake mwaka 1934. Mwishoni mwa miaka ya 1930, katika Umoja wa Kisovyeti, nyuzi za namna hii zilitengenezwa kwa ajili ya vichujio vya kujikinga na hewa ya sumu. Katika miaka ya 1990 Darrell Reneker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Akron, Marekani, waliirejesha njia hii mbele ya wanasayansi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Liberec, Ucheki, walitengeneza mtambo usiotumia sindano, ambamo michirizi mingi hutoka kwa pamoja juu ya mche unaozunguka ndani ya mmumunyo.

(b) Upulizaji

Katika njia hii polima haimumunywi, bali huyeyushwa kwa joto. Hupitishwa katika vitundu vidogo, na hapo hapo hupulizwa na hewa ya moto yenye kasi kubwa, ikavutika kuwa nyuzi. Van Wente, wa maabara ya utafiti ya jeshi la maji la Marekani, aliitangaza njia hii katika miaka ya 1950. Nyuzi zake aghalabu huwa na upana wa mikromita 1 hadi 5, kwa hiyo nyingi hazistahili kuitwa za nano. Tabaka la katikati la barakoa nyingi za hospitali hutengenezwa kwa njia hii, na upungufu wa tabaka hilo ulisikika dunia nzima mwaka 2020.

Hapa patupasa kutoa angalizo. Katika mazungumzo ya kawaida tunasema barafu imeyeyuka, na vile vile tunasema chumvi imeyeyuka majini. Lakini mambo haya ni mawili. La kwanza hutokana na joto peke yake, na la pili huhitaji majimaji mengine. Katika utengenezaji wa nyuzi tofauti hii ni kubwa, maana uzi uliotokana na mmumunyo waweza kubaki na chembe za kimumunyishi, na baadhi ya vimumunyishi, kama dimethilifomamaidi, hudhuru ini. Uzi uliotokana na polima iliyoyeyushwa kwa joto hauna hatari hiyo. Daktari anayesoma maelezo ya kitambaa cha kidonda ana haki ya kujua ni ipi kati ya njia hizi iliyotumika. Kwa hiyo tunashauri "kuyeyuka" litumike kwa joto tu, na "kumumunyika" litumike kwa kuingia katika majimaji.

(c) Uvutaji kwa mzunguko na uvutaji kwa ncha

Polima iliyo majimaji yaweza kutiwa katika chombo chenye vitundu pembeni, kikazungushwa kwa kasi mpaka nyuzi zikaruka nje. Kila aliyeona katika maonyesho sukari ikigeuzwa kuwa mfano wa pamba ameiona kanuni ya njia hii. Haihitaji umeme mkali, na hutoa nyuzi nyingi kwa muda mfupi.

Uvutaji kwa ncha ni kinyume chake. Ncha nyembamba sana huguswa kwenye tone, kisha huondolewa taratibu, na uzi mmoja huvutika nyuma yake, kama utomvu unavyovutika kidoleni. Njia hii hutoa uzi mmoja mmoja, kwa hiyo hufaa maabara tu.

(d) Utenganishaji kwa kupoza, ujipangaji na kalibu

Mmumunyo wa polima ukipozwa kwa kiasi kinachofaa, hujigawa sehemu mbili, moja yenye polima nyingi na nyingine yenye kimumunyishi kingi, kama maziwa yagandapo yakajitenga na maji yake. Kimumunyishi kikiondolewa, hubaki kitu mfano wa sifongo, ambacho kuta zake ni nyuzi. Peter Ma na Ruiyun Zhang, wa Chuo Kikuu cha Michigan, walieleza njia hii mwaka 1999.

Katika ujipangaji, molekuli zilizoundwa kwa makusudi huungana zenyewe ndani ya maji, moja kando ya nyingine, mpaka ziwe uzi. Mwaka 2001 Samuel Stupp na wenzake, nchini Marekani, walitengeneza hivyo nyuzi za peptidi zilizokusudiwa kuiga kiini cha mfupa.

Katika njia ya kalibu, polima au kitu kingine hujazwa ndani ya vitundu vilivyonyooka vya utando mgumu, kisha utando huondolewa. Wembamba wa uzi hufuata wembamba wa kitundu.

(e) Uchambuaji

Mimea yote ina nyuzi za namna hii, maana kuta za seli zake zimejengwa kwa selulosi iliyojipanga katika nyuzi za nanomita chache tu. Tatizo ni kuzitenganisha. Mwaka 1983 Albin Turbak na wenzake, nchini Marekani, walieleza jinsi ya kuzipata kwa kuusukuma uji wa miti katika tundu jembamba kwa shinikizo kubwa. Kazi hiyo ilitumia nishati nyingi. Mwaka 2006 Tsuguyuki Saito, Akira Isogai na wenzao, wa Chuo Kikuu cha Tokyo, walionyesha kwamba selulosi ikitiwa kwanza kemikali ya kuweka chaji juu ya nyuzi, nyuzi husukumana na kuachana kwa urahisi, zikawa na upana wa nanomita 3 hadi 4.

Jambo hili latuhusu. Katani ni selulosi kwa sehemu kubwa, na watafiti wa nchi mbalimbali wamekwisha kuchambua humo nyuzi za nano. Kitenzi "kuchambua" nacho tunacho tangu zamani katika pamba. Hatuna sababu ya kukopa kingine.

4. Matumizi

Kuchuja hewa ndiyo kazi ya zamani kupita zote. Chembe ya vumbi hunaswa kwa kugongana na uzi, kwa kuugusa ipitapo kando yake, au kwa kutangatanga mpaka ikaufikia. Nyuzi zikiwa nyembamba, nafasi za kunasa huwa nyingi. Aidha, uzi unapokaribia wembamba wa nanomita 66 au 68 hivi, ambao ni umbali wa wastani molekuli ya hewa iendayo kabla ya kugongana na nyingine, hewa huteleza juu yake na haizuiliki sana. Kwa hiyo mtu hupumua kwa urahisi zaidi kuliko ambavyo angepumua kupitia nyuzi nene zenye uwezo ule ule wa kunasa. Tena barakoa nyingi za nyuzi za kupulizwa hutegemea chaji ya umeme iliyotiwa katika nyuzi zake. Zikioshwa kwa spiriti, chaji hupotea pamoja na uwezo wa kuchuja. Nyuzi nyembamba zaidi huweza kunasa kwa umbo lake, na hazitegemei chaji kiasi hicho.

Katika uganga, utando wa nyuzi hizi hufunika kidonda ukapitisha hewa na unyevu, lakini ukawazuia bakteria, ambao aghalabu ni wakubwa kuliko vitundu vyake. Dawa yaweza kuchanganywa katika polima ili itoke polepole kadiri uzi unavyooza. Pia nyuzi hizi hutumiwa kuwa kiunzi cha kukuzia seli, kwa kuwa kolajeni ya mwilini nayo imejipanga katika nyuzi za nanomita 50 hadi 500, na seli hushika vema juu ya kitu kinachofanana na makao yake ya asili.

Katika viwanda, utando huu hutumiwa kutenganisha ncha mbili za betri. Nyuzi za poliakrilonitrili, zikichomwa pasipo hewa, hugeuka kaboni, kama gogo ligeukavyo mkaa ndani ya tanuri, zikawa nyuzi imara zinazopitisha umeme. Nyuzi za selulosi huongezwa katika karatasi na plastiki ili kuziongezea nguvu.

Hapa tuseme neno juu ya vichujio vya maji. Mwaka 2015 Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alipata tuzo ya uvumbuzi wa uhandisi kwa Afrika kwa chujio lake la maji linalotumia mchanga pamoja na vitu vya nano. Chujio hilo ni la nano, lakini halikujengwa kwa nyuzi. Mwandishi asidhani kwamba kila palipo na "nano" pana uzi.

5. Panapohitaji tahadhari

Jamii ya nyuzi hizi ina watoto watatu. Uzi ulio wazi ndani, kama mrija, ni aina moja. Ulio mgumu na uliojaa ndani ni aina ya pili. Unaopitisha umeme ni ya tatu. Katika lugha za kigeni kila aina ina jina lake, na sababu yake si urembo wa maneno. Mwaka 2008 watafiti, wakiongozwa na Craig Poland wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, walionyesha kwamba mirija mirefu ya kaboni, ikiingizwa katika tumbo la panya, huleta madhara yanayofanana na ya asbesto. Mwaka 2014 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliiweka aina moja ya mirija hiyo katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani kwa binadamu. Wembamba, urefu na kutooza ndivyo vinavyoleta hatari hiyo. Nyuzi za polima inayooza mwilini, tena zilizoshikamana katika utando, hazina sifa zote hizo.

Basi karatasi ya tahadhari isemayo "Jihadhari na nano" haisemi kitu. Itamtisha muuguzi mwenye kitambaa cha kidonda, na haitamwambia mchukuzi kwamba ni mfuko upi asiupasue bila kuvaa barakoa.

Kuna mtego mwingine katika kitenzi "kuvuta". Tunasema kuvuta uzi, na tunasema pia kuvuta hewa. Mfasiri akiandika "Epuka uvutaji wa nyuzi", msomaji mmoja ataelewa kwamba asizitengeneze, mwingine ataelewa kwamba asizipumue. Kwa hiyo, katika tahadhari iandikwe "usipumue vumbi la nyuzi hizi", na neno "uvutaji" libaki kwa kazi ya kutengeneza, tena likifuatwa daima na kinachovutia: kwa umeme, kwa mzunguko, au kwa ncha.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Swali la kwanza ni mahali pa kuiweka "nano". Katika "nanomita" kiambishi hutangulia kwa sababu kinafanya kazi ya kugawa: mita imegawanywa mara milioni elfu. Lakini uzi wa nano si uzi uliogawanywa. Ni uzi wa namna fulani, na katika Kiswahili namna hufuata nyuma ya kitu. Kwa sababu hiyo tunapendekeza "uzinano", wingi wake "nyuzinano", wala si "nanouzi". Umoja na wingi hujitokeza bila taabu, na upatanisho wa sarufi ni ule ule wa uzi: uzinano huu, nyuzinano hizi.

Istilahi zenyewe ni hizi:

Uzinano (nyuzinano): uzi ambao upana na unene wake hauzidi nanomita 100 hivi, na urefu wake ni mkubwa zaidi sana.

Mrijanano (mirijanano): uzinano ulio wazi ndani.

Ufitonano (fitonano): uzinano mgumu uliojaa ndani.

Wayanano: uzinano unaopitisha umeme.

Uvutaji kwa umeme: utengenezaji wa nyuzi kwa kuuvuta mmumunyo au polima iliyoyeyuka kwa nguvu ya umeme.

Upulizaji: utengenezaji wa nyuzi kwa kuipuliza polima iliyoyeyuka kwa hewa ya moto.

Uchambuaji: utenganishaji wa nyuzinano kutoka katika mimea.

Mmumunyo: majimaji ambamo kitu kingine kimemumunyika; kimumunyishi ni majimaji yenyewe yanayomumunya.

Utando wa nyuzi: tandiko la nyuzi zilizolazwa bila kufumwa, lisilo na mtande wala mshindio.

Uzi msokoto wa nyuzinano: uzi uliopatikana kwa kuzisokota nyuzinano pamoja.

Tunaongeza shauri moja dogo. Kwa kuwa "nyuzi" ni kipimo cha pembe na cha joto pia, katika maandishi yanayohusu nyuzinano yafaa kutumia "digrii" kwa vipimo hivyo. Sentensi yenye "nyuzi zilizokaushwa kwa nyuzi 60" humchelewesha msomaji bila sababu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maneno mengi yanayohitajika katika fani hii mpya tunayo tayari: kuchambua, kusokota, kalibu, mrija, ufito, utando, mtande na mshindio. Yaliyokopwa ni machache, na yamekopwa pale tu ambapo dhana yenyewe ni ya kimataifa, kama nanomita na polima. Kazi iliyobaki ni kuyaweka maneno hayo kila moja mahali pake na kuyazuia yasihame hame.

Haya ni mapendekezo, wala hayajawa sheria. Tunawaomba walimu wayajaribu darasani, wafasiri wayapime katika matini zao, na watumishi wa serikali watuambie ni wapi yanapokwaza katika nyaraka za kazi. Anayelipenda "ufumwele" kuliko "uzi" atuletee hoja zake pamoja na mifano. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa na kusahihishwa, na mahali pa kuisahihisha ni hapa, kabla haijabandikwa juu ya mfuko ulioko ghalani.